Kiu ya Askari Yahitaji Kipimo

Mwaka 1891 Kapteni Lugard alipofika katika ziwa la Katwe, magharibi mwa nchi yetu, alijenga ngome karibu na ukingo wake na kuipa jina la George. Hakuijenga kwa ajili ya dhahabu, wala kwa ajili ya pembe za ndovu. Aliijenga kwa ajili ya chumvi. Kabla yake, majeshi ya Mukama Kabalega wa Bunyoro ndiyo yaliyolishikilia ziwa hilo, kwa kuwa watawala wa zama hizo walifahamu vema kwamba chumvi ni nguvu. Leo chumvi inapatikana katika kila duka la kambi kwa bei ndogo, na kwa sababu ya urahisi wake tumeisahau heshima yake.

Tunayaandika haya kwa sababu madukani kumejaa pakiti za unga wa rangi, wa machungwa, wa malimau na wa matunda ambayo hayajapata kuota katika ardhi hii, na kila pakiti yaahidi kumrudishia mnywaji nguvu na chumvi za mwili, zile ambazo wataalamu huziita elektroliti. Vijana wetu katika majeshi na katika polisi wanazinunua kwa mishahara yao. Wengine wanakunywa vinywaji vya kusisimua mwili wakidhani ni kitu kimoja na maji. Wapo pia wasiokunywa chochote, kwa kuamini kwamba askari wa kweli haoni kiu.

Msimamo wetu ni huu: kiu ya askari si jambo la ushujaa, wala si jambo la fedha. Ni jambo la kipimo. Maji, chumvi na sukari vikichanganywa kwa kipimo humtunza askari kazini. Vikikosa kipimo, ama kwa upungufu ama kwa wingi, huweza kumwua kama risasi. Na mwenye wajibu wa kusimamia kipimo hicho ni kamanda kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kazi ya chumvi mwilini

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwanadamu ni maji. Maji hayo si matupu, bali yamebeba chumvi za aina mbalimbali. Zilizo kubwa kwa mjadala wetu ni mbili: sodiamu, ambayo tunaipata hasa katika chumvi ya mezani na ambayo hukaa zaidi nje ya seli za mwili, na potasiamu, ambayo hukaa zaidi ndani ya seli na ambayo tunaipata katika ndizi, maharage, viazi na machungwa. Kwa tofauti iliyopo kati ya ndani na nje ya seli, mishipa ya fahamu hupeleka amri na misuli huzitii. Mkono hauwezi kuvuta kifyatulio, wala moyo hauwezi kupiga, bila ya mpangilio huo.

Askari anapofanya kazi ngumu juani, mwili hujipoza kwa jasho. Katika kazi kama hiyo mtu huweza kutoa lita 1 ya jasho kwa saa, na wengine huzidi hapo. Kila lita ya jasho huondoka na chumvi, kwa kawaida kati ya gramu 1 na gramu 4, kwa kuwa watu hawafanani. Tuchukue kipimo cha kati cha gramu 2. Askari aliyeandamana saa 6 akiwa na bunduki na mzigo wake atakuwa amepoteza lita 6 za maji na gramu 12 za chumvi. Mtu akipoteza maji yaliyo sawa na sehemu 2 katika kila 100 za uzito wake, uwezo wake wa kazi huanza kupungua. Naye askari wa kilo 70 hufika hapo baada ya kupoteza chini ya lita moja na nusu.

Ugumu usio na faida

Kosa la kwanza lililozoeleka katika vyuo vingi vya kijeshi duniani ni lile la kumfundisha kuruta kuvumilia kiu. Wakufunzi wa namna hiyo hudai kwamba mwili, kama vile mguu unavyozoea buti, waweza kuzoea kukosa maji. Huwanyima makuruta maji katika mbio, au huwapa adhabu ya kumwaga chupa zao chini mbele ya paredi.

Dai hilo lilichunguzwa zamani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtaalamu Edward Adolph wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, pamoja na wenzake, waliwafuatilia askari waliokuwa wakifanya mazoezi katika jangwa la California, wakapima maji waliyokunywa, jasho walilotoa na kazi waliyofanya. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1947, na jibu lake ni wazi: mwanadamu hawezi kufundishwa kupunguza haja yake ya maji. Anayenyimwa maji hawi mgumu; anakuwa dhaifu tu, kisha huanguka.

Wataalamu hao waligundua jambo jingine ambalo kila mpishi wa kikosi apaswa kulijua. Mtu anayefanya kazi juani, hata akiwa na maji tele ubavuni mwake, kwa kawaida hanywi ya kutosha kufidia jasho lake kwa wakati ule. Huwa anafidia sehemu kubwa ya upungufu wakati wa kula. Kwa hiyo kamanda anayefuta mlo wa mchana ili kuharakisha mwendo amefuta pia maji ya askari wake, hata kama hakukusudia.

Lipo jambo moja ambalo mwili waweza kweli kulizoea, nalo ni joto. Askari aliyelelewa katika baridi ya Kabale akipelekwa Moroto au Kotido, huhitaji siku 10 hadi 14 za kazi inayoongezwa pole pole. Katika siku hizo mwili wake hujifunza kutoa jasho mapema na kuizuia chumvi isitoke kwa wingi. Lakini tuzingatie: mtu aliyezoea joto hutoa jasho jingi zaidi, si dogo zaidi. Haja yake ya maji huongezeka.

Maji yanapogeuka adui

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, na kwa hilo wengi wetu hatujaonywa vya kutosha. Ni imani kwamba maji hayana kiasi, na kwamba anayekunywa mengi zaidi ndiye aliye salama zaidi.

Katika miaka ya 1990 jeshi la Marekani, kwa kuhofia makuruta wake wasianguke kwa joto, liliwahimiza kunywa maji kwa wingi sana. Baadhi yao walifikishwa hospitali wakiwa na maji mengi mno mwilini na sodiamu kidogo mno katika damu, na wapo waliopoteza maisha. Mwaka 1998 jeshi hilo lilibadili mwongozo wake na kuweka ukomo: askari asinywe zaidi ya takriban lita 1 na nusu kwa saa, wala zaidi ya takriban lita 11 na nusu kwa siku. Mwaka 2002, katika mbio ndefu za Boston, madaktari waliwapima damu wakimbiaji 488 baada ya kumaliza mbio. 13 kati ya kila 100 walikutwa na sodiamu iliyo chini ya kiwango. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, yaani waliokunywa kuliko walivyotoa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Maji matupu yakimiminwa kwa wingi kuliko figo ziwezavyo kuyatoa, sodiamu iliyomo katika damu huzimuliwa, kama mchuzi unavyozimuliwa mpishi akiongeza maji bila ya kuongeza chumvi. Kwa kanuni ya maumbile, maji hufuata upande wenye chumvi zaidi. Hivyo huingia ndani ya seli na kuzivimbisha. Misuli yaweza kuvimba bila ya madhara makubwa. Ubongo hauwezi, kwa kuwa umezungukwa na fuvu.

Na hapa ndipo penye mtego. Askari aliyezidiwa na maji huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hutapika, husema maneno yasiyoeleweka, na mwisho hupatwa na degedege. Aliyezidiwa na joto naye huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Wenzake, kwa moyo mwema, hudhani ni kiu na humlazimisha maji zaidi. Kwa wema huo huweza kumwua.

Basi kila sajenti ajifunze kuuliza maswali haya kabla ya kuinua chupa: Amekunywa kiasi gani tangu asubuhi? Amekula? Amekojoa mara ngapi, na mkojo wake ni wa rangi gani? Ametapika maji meupe? Vidole vyake vimevimba hata pete au saa inambana? Aliyekunywa sana, asiyekula, anayekojoa maji meupe na kutapika, asipewe maji tena. Na yeyote ambaye akili yake imechanganyika, kwa sababu yoyote ile, apelekwe hospitali bila ya kukawia. Kama mwili wake unawaka joto, apozwe kwa maji juu ya ngozi wakati wa safari, lakini asimiminiwe kitu kinywani.

Mafunzo ya kambi ya Bangaon

Baada ya kuyaona makosa hayo mawili, tuangalie sasa mchanganyiko wenyewe na asili yake.

Mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza katika mkutano mjini Prague jinsi utumbo mwembamba unavyofyonza sukari ya glukosi pamoja na sodiamu. Vitu hivi viwili hupita katika mlango mmoja, vikiandamana, na maji huvifuata. Sukari katika mchanganyiko huu, kwa hiyo, haikuwekwa kwa ajili ya utamu peke yake. Ni ufunguo wa kuingizia chumvi na maji.

Ufunguo huo ulijaribiwa vitani. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa taifa la Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi waliingia India, na kipindupindu kikawaingilia kambini. Katika kambi ya Bangaon maji ya dripu yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya glukosi, chumvi ya kawaida na magadi ya kuokea, akayayeyusha katika maji ndani ya mapipa yenye koki, akawaagiza jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa kikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Hapakuwa na chombo cha anasa pale: kulikuwa na mapipa, vikombe na kipimo.

Mchanganyiko unaotumika sasa, ule wa ORS unaogawiwa katika zahanati zetu, ulirekebishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Katika lita 1 ya maji una gramu 2.6 za chumvi, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za chumvi ya potasiamu na gramu 2.9 za chumvi ya sitireti. Huo ni kwa mwenye kuhara, ambaye hupoteza chumvi nyingi kwa muda mfupi.

Vinywaji vya wanamichezo vilizaliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1965 Daktari Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida waliwatengenezea wachezaji wa timu ya chuo hicho kinywaji kilichoitwa Gatorade. Kinywaji cha aina hiyo kina sodiamu isiyofika theluthi moja ya ile ya ORS, na sukari yake ni gramu 60 hivi kwa lita. Chamfaa mkimbiaji, hakitoshi kumtibu mgonjwa wa kuhara. Soda nazo zina sukari nyingi zaidi ya hapo na chumvi kidogo mno. Mwenye kuhara akizitegemea, sukari ile huweza kuyavuta maji kuyaingiza utumboni badala ya kuyatoa, na kuhara kukazidi.

Namna ya kusoma pakiti

Ndugu askari, ukishika pakiti dukani, usisome maneno makubwa ya mbele. Geuza nyuma, tafuta idadi ya miligramu za sodiamu, kisha utazame imekusudiwa kwa maji kiasi gani. Gramu 1 ya chumvi ya mezani ina miligramu 390 hivi za sodiamu. Pakiti yenye miligramu 200, basi, imekuuzia nusu gramu ya chumvi. Tazama pia kama ina kafeini. Hicho ni kisisimuzi, kinachokuondolea usingizi bila ya kukuondolea uchovu, na hakirudishi chumvi hata chembe.

Hatusemi pakiti zote ni ulaghai. Zipo zilizopimwa vizuri, na katika doria ndefu ni rahisi kuzibeba. Tunalosema ni kwamba kikosi chenye jiko, chumvi na sukari hakina sababu ya kuwaacha askari wake watumie mshahara kununua kitu ambacho mpishi aweza kukichanganya alfajiri.

Kwa mwendo au mazoezi ya saa nyingi juani, jerikani ya lita 20 ya maji safi, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, yatosha kutiwa vijiko 4 vya chai vya chumvi, vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kilo ya sukari. Hiyo ni chumvi ya zaidi kidogo ya gramu 1 kwa lita. Malimau machache yataongeza ladha. Kinachobaki kimwagwe kabla ya siku ya pili. Kinywewe kidogo kidogo, kati ya nusu lita na lita 1 kwa saa kulingana na joto na kazi, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mwenye kuhara, ORS ya zahanati ndiyo bora. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi itiwe nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vimesawazishwa. Onja kwanza: kisizidi machozi kwa chumvi. Wake na waume wa askari wanaolea watoto katika nyumba za kambi walizingatie hili sana, maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto haraka kuliko mtu mzima.

Vidonge vya chumvi, ambavyo majeshi mengi yaliwahi kuvigawa, visimezwe vikavu. Hukera tumbo na kuleta kutapika. Na pombe ya jioni isihesabiwe kuwa maji, kwa maana huongeza mkojo, na mwenye kuinywa huamkia paredi akiwa na upungufu.

Sufuria kwanza

Hata hivyo, mchanganyiko bora hauwezi kuchukua nafasi ya mlo. Posho na maharage yaliyotiwa chumvi, matoke, na kikombe cha mchuzi humrudishia askari sodiamu na potasiamu kwa pamoja, na humpa hamu ya kunywa. Majeshi ya nchi yetu yana sababu ya kutodharau sufuria. Mwaka 2009 na 2010 askari wa kikosi cha Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, wakiwemo Waganda, walivimba miguu na kuishiwa pumzi, na wengine wakafa. Uchunguzi ulionyesha dalili za upungufu wa vitamini B1 katika chakula. Adui hakuwa amefyatua risasi hata moja katika vifo hivyo.

Tunapaswa pia kuwa wakweli kwa upande wa pili. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa kuhofia shinikizo la damu. Karani wa ofisi ya makao makuu, dereva wa gari lenye kivuli, na afisa wa mezani hawana jasho la kufidia. Kwao, maji na mlo wa kawaida yatosha, na pakiti ya chumvi kila siku ni mzigo kwa moyo na figo. Wenye shinikizo la damu au maradhi ya figo wamwulize daktari kwanza. Askari wa trafiki anayesimama mchana kutwa kwenye njia panda za Kampala yuko katikati: anahitaji maji karibu yake, kivuli kwa zamu, na mlo wa mchana usiochelewa. Kinywaji kifuate kazi. Kisifuate cheo wala tangazo.

Wajibu wa kamanda

Kwa hiyo twatoa rai kwa makamanda wa vikosi, wakuu wa vyuo na wakuu wa vituo vya polisi. Kwanza, adhabu za maji zikomeshwe za aina zote mbili: ile ya kumnyima kuruta maji, na ile ya kumlazimisha kunywa chupa baada ya chupa. Pili, kila jiko liwe na kijiko cha kipimo na jerikani yenye alama, na mpishi afundishwe hesabu tuliyoieleza. Tatu, katika mazoezi marefu makuruta wapimwe uzito kabla na baada. Kilo 1 iliyopungua ni takriban lita 1 ya maji inayodaiwa; aliyeongezeka uzito amezidisha, na aangaliwe. Mzani mmoja kwa chuo kizima si gharama ya kulalamikia.

Askari hutunza kipimo katika kila jambo lake. Huhesabu risasi, huhesabu hatua, hupima umbali wa shabaha kabla ya kufyatua. Hatuoni sababu ya kuacha damu yake mwenyewe iendeshwe kwa kubahatisha. Kuruta aliyekabidhiwa kwetu na wazazi wake akiwa mzima, kisha akafa katika uwanja wa mazoezi kwa kukosa maji au kwa kuzidishiwa maji, hakufa kwa ajili ya taifa. Alikufa kwa sababu hakuna aliyepima.